Shaba hutoka, kombe huingia

Mjomba wangu ni mtu wa Lupopo. Baba alikuwa mtu wa Mazembe. Nyumbani kwetu Kambove jambo hilo lilitangulia mengine yote, na mgeni aliyeketi kula bukari, ugali wetu, kwa mara ya kwanza aliulizwa upande wake kabla hajanawa mikono. Akijibu Mazembe, baba ndiye aliyemsogezea bakuli la sombe, yaani kisamvu. Akijibu Lupopo, mjomba alilivuta bakuli hilohilo na kumkaribisha upya, kana kwamba mtu huyo ndiyo kwanza aingie mlangoni.

Kambove ni mji mdogo wa mgodi katika Katanga, Kongo, kilomita kama 25 kaskazini-magharibi mwa Likasi. Reli kutoka Lubumbashi ilifika hapa mwaka 1913 kuifuata shaba, na tangu siku hiyo mji umeishi kwa vitu viwili: shimo na reli. Kuna waliochimba na kuna waliosafirisha. Baba alikuwa wa shimo, mjomba wa reli, na mpira nyumbani kwetu ukagawanyika palepale. Saint Éloi Lupopo ni klabu ya watu wa reli, ndiyo maana mashabiki wake wanaitwa Cheminots mpaka leo, na Mtakatifu Eloi ambaye jina lake wamelibeba ni mlinzi wa wahunzi na wafua vyuma. Mjomba aliwahi kuniambia kwamba klabu yenye mtakatifu wa chuma, katika nchi ya shaba, haihitaji kueleza kwa nini ipo.

Baba naye alikuwa na majibu yake. TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939, sawa na Lupopo, Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville. Waanzilishi walikuwa mapadri Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface, na timu ikaitwa Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kampuni ya matairi iliyoifadhili. Wazee wa Likasi na Kambove bado wanasema “Englebert” wakisahau, au wakitaka kijana ajue kwamba wao walikuwapo. Maneno Tout Puissant, yaani mwenye nguvu zote, yaliongezwa baada ya timu kutwaa ubingwa mwaka 1966 bila kufungwa hata mechi moja.

Hapo mwaka 1966 inafaa tusimame kidogo. Ndio mwaka Elisabethville ilipoitwa Lubumbashi na Jadotville ikaitwa Likasi. Mwaka ulipogeuka, Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa 1906 kuchimba ardhi yetu, ikataifishwa, na kutoka hapo ikazaliwa ile tuliyokuja kuiita Gécamines. Mwaka huohuo wa 1967 Englebert wakawa mabingwa wa Afrika. Kwa baba mambo hayo matatu yalikuwa jambo moja. Mji ulipata jina lake, mgodi ukapata mwenyewe, na timu ikapata kombe. Alikuwa kijana mwenye nguvu wakati huo, na nadhani hakuwahi tena maishani kuona mambo yakipangana vizuri namna ile.

Mjomba hakumwachia. Fainali ya 1967 dhidi ya Asante Kotoko ya Kumasi ilikuwa sare nyumbani na sare ugenini, ikaamriwa mechi ya tatu, na Kotoko hawakufika. Kombe likatolewa bila mpira kuguswa. “Kombe la mezani, shemeji,” mjomba alikuwa akisema, taratibu, akitazama pembeni. Baba alimjibu kwa mwaka 1968: mabao matano kwa bila dhidi ya Étoile Filante ya Lomé katika mechi ya kwanza, na hata walipofungwa 4-1 kwenye marudiano kombe lilibaki Lubumbashi. Hakuna klabu iliyowahi kabla yao kulitetea kombe hilo. Hapo mjomba alitoa silaha yake ya mwisho. Mwaka 1968, mwaka huohuo wa mabingwa wa Afrika, bingwa wa Kongo alikuwa nani? Saint Éloi Lupopo. Ndivyo ilivyokuwa, na baba alijua.

Nimeyasikia majibizano haya mara mia, na ndiyo yaliyonifundisha historia ya nchi yangu. Shuleni sikufundishwa kwamba Pierre Kalala, mshambuliaji wa Englebert, ndiye aliyefunga bao pekee dhidi ya Ghana kule Addis Ababa mwaka 1968 Kongo ilipochukua Kombe la Mataifa ya Afrika. Sikufundishwa kwamba Bwanga Tshimen wa Mazembe alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973, wala kwamba kipa Kazadi Mwamba, aliyetolewa langoni dhidi ya Yugoslavia kwenye Kombe la Dunia la 1974, alikuwa mlinda mlango wa mabingwa wa bara zima kabla dunia haijamcheka. Hayo nilifundishwa jikoni.

Kisha kikaja kiangazi.

Hakikuja kwa siku moja. Mazembe ilifika fainali ya Afrika tena mwaka 1969 ikafungwa na Ismaily ya Misri, ikafika 1970 ikafungwa na Kotoko, ambao safari hii walifika uwanjani. Mwaka 1980 ikatwaa Kombe la Washindi kwa kuifunga Africa Sports ya Abidjan. Nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka baba akinibeba mabegani, nakumbuka kelele, wala sikujua kwamba nitakuwa mtu mzima mwenye watoto kabla sijasikia kelele kama zile tena. Kutoka kombe hilo hadi kombe lililofuata la Afrika ilipita miaka 29. Hata ubingwa wa nyumbani, baada ya 1987, haukuonekana tena mpaka 2000.

Miaka hiyo ndiyo iliyotukausha sisi pia. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ukaporomoka, na shaba ya chini ya ardhi iliyokuwa tegemeo kubwa ikabaki chini ya mawe. Kufikia 1994 uzalishaji wa mwaka mzima haukufika hata tani 50,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye stesheni wakingoja treni zisizokuja, na wengi walifia hapo. Sitaki kulipita jambo hilo kama mtu anayepita kaburi bila kuvua kofia. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wakisimama na baba kwenye ukuta wa uwanja, wakiimba nyimbo zilezile. Timu yetu ilipoteza mashabiki ambao haikuwa na haki ya kuwapoteza, na sisi tulipoteza ndugu.

Anayejua kiangazi cha Katanga anajua kwamba mti haufi mara moja. Majani huanguka, gome hugeuka jivu, na mgeni akipita husema umekufa. Mashabiki wa Mazembe miaka hiyo walikuwa hivyo. Jezi nyeusi na nyeupe hazikuwapo dukani. Mama mmoja jirani yetu alimshonea mwanawe kutoka vitambaa viwili vya mapazia, cheusi na cheupe, na mtoto yule aliivaa mpaka mikono ikamfika kwenye viwiko. Hatukuwa na televisheni. Tulikuwa na redio ya mjomba, maana ya baba iliuzwa mwaka ambao hapakuwa na kitu cha kupika, na ilimpasa baba, mtu wa Mazembe, kwenda kila Jumapili kwa shemeji yake wa Lupopo kuomba kusikiliza. Mjomba hakumkatalia hata siku moja. Aliweka betri juani asubuhi ili zipate nguvu kidogo, akasogeza kiti cha pili, akakaa kimya Mazembe ilipofungwa.

Ukimya ule naukumbuka kuliko mabao. Mtu ambaye mnabishana miaka 30 anaujua uchungu wako kuliko anayekuunga mkono. Lupopo ilichukua ubingwa mwaka 1990, mjomba akafurahi siku moja tu, halafu akaona furaha yake haina mtu wa kubishana nayo.

Moïse Katumbi alichukua uongozi wa Mazembe mwaka 1997. Watu wa nje hupenda kusimulia kwamba alikuja na pesa na siku ya pili makombe yakaja. Haikuwa hivyo. Ulipita mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ubingwa wa kwanza ulifika mwaka 2000, nchi ikiwa vitani na imekatwa vipande viwili, kiasi kwamba kuuita ubingwa wa Kongo yote kulihitaji moyo. Ukarudiwa 2001. Kisha kimya tena hadi 2006 na 2007. Kombe la Afrika lilikuja 2009, dhidi ya Heartland ya Nigeria: walifungwa 2-1 ugenini, wakashinda 1-0 Lubumbashi, na lile bao moja la ugenini ndilo lililoamua. Kutoka 1997 hadi hapo ni miaka 12. Mtoto aliyezaliwa Katumbi alipoingia alikuwa anamaliza shule ya msingi. Nayasema haya kwa vijana wanaotaka kocha afukuzwe kila wiki ya tatu.

Mwaka uliofuata ndio uliotufanya tuonekane. Mwanzo wake ulikuwa mbaya: Trésor Mputu, mchezaji wetu bora, alifungiwa na FIFA miezi 12 baada ya vurugu na mwamuzi mjini Kigali. Bila yeye, Mazembe iliifunga Espérance ya Tunis mabao 5-0 Lubumbashi, ikatoka sare ya 1-1 kwao, na ikaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu chini ya kocha Lamine N’Diaye wa Senegal. Tarehe 10 Desemba, Bedi Mbenza aliwafunga Pachuca wa Mexico. Siku nne baadaye Kabangu na Kaluyituka waliwafunga Internacional wa Brazili, 2-0, na kipa Robert Kidiaba akaketi chini kwenye nyasi akaanza kurukaruka kwa makalio, mikono mbele, mtu mzima mwenye nywele za kusuka, dunia nzima ikimtazama. Klabu kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini haikuwahi kabla ya siku hiyo kufika fainali ya mashindano yale.

Kambove usiku ule umeme ulikuwa umekatika. Jirani mwenye duka alikuwa na jenereta, tukachangishana mafuta, chupa moja hapa, nusu chupa kule. Mjomba alileta lita mbili. Watu walisimama hadi barabarani, na mvua ya Desemba ilinyesha bila mtu kuondoka. Kaluyituka alipofunga la pili, baba, ambaye kwa miaka ya shimoni magoti yalimkataa, alijaribu kukaa chini kama Kidiaba. Tukamnyanyua. Alikuwa analia. Tarehe 18 Inter Milan walitufunga 3-0, mmoja wa wafungaji akiwa Samuel Eto’o, mtoto wa Afrika, na hakuna aliyezima jenereta mpaka medali ya mwisho ilipovishwa.

Baba alifariki miaka michache baadaye. Kombe la 2015 hakuliona, lile ambalo Mbwana Samatta alilifungia mabao saba na kuwa miongoni mwa vinara wa mabao wa mashindano, kabla ya Januari 2016 kutawazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, Mtanzania wa kwanza kupata heshima hiyo. Hadithi ya Samatta wasomaji wa Dar es Salaam wanaijua, lakini upande wetu una kipande chake. Mwaka 2011 Mazembe iliitoa Simba katika Ligi ya Mabingwa, Simba wakapinga uhalali wa mchezaji wetu Janvier Besala Bokungu, na CAF ikatuondoa mashindanoni. Tulikasirika sana. Tukaondoka kwenye sakata lile bila kombe, ila na kijana mmoja wa Simba aliyekuwa ametusumbua katika mechi zilezile. Sijui timu nyingine iliyolipwa vizuri namna hiyo kwa adhabu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua, na ambalo mtu wa Kambove analiona mapema kuliko mtu wa mji mkubwa.

Mji wetu ulitegemea shimo moja na kampuni moja. Kampuni ilipoanguka, hospitali iliyumba, shule ikayumba, maji ya bomba yakayumba, maana vyote vilikuwa vimefungwa kwenye kamba moja. Mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na kila aliyeondoka aliondoka na nyumba nzima nyuma yake. Tulijifunza kwa gharama kubwa maana ya kuning’inia kwenye kamba moja.

Klabu zetu zinaning’inia hivyohivyo. Katumbi alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, na hiyo ndiyo miaka ya Abu Dhabi, ya uwanja mpya wa Kamalondo uliofunguliwa 2011, ya wachezaji kutoka Zambia, Ghana, Mali na Tanzania. Mei 2016 aliondoka nchini, akarudi Mei 2019. Mazembe iliendelea kwa kasi iliyokuwa nayo, ikachukua Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na 2017, kisha taratibu mafuta yakapungua. Sisemi kwamba mtu mmoja ndiye aliyefunga mabao yote. Nasema kwamba mtu mmoja alipokuwa mbali, tuliona jinsi nguzo zilivyokuwa chache.

Tarehe 2 Aprili 2023 Yanga walikuja Lubumbashi wakatufunga bao moja la Farid Mussa, baada ya kutufunga 3-1 kwao. Tulimaliza wa mwisho katika kundi la Kombe la Shirikisho, na aliyeongoza wafungaji wa mashindano yale alikuwa Mkongomani wetu, Fiston Mayele, akiwa amevaa njano na kijani ya Dar es Salaam. Nilikuwa nimekaa na mjomba. Alizima redio kabla ya uchambuzi, akaniuliza kama nimekula.

Msimu uliofuata N’Diaye alikuwa benchi tena. Mazembe iliifunga Mamelodi Sundowns 1-0 Lubumbashi, ikaitoa Petro ya Luanda, ikafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na kuwazuia Al Ahly 0-0 nyumbani kabla ya kupigwa 3-0 Cairo, Aprili 2024. Ikachukua na ubingwa wa Kongo, wa 20. Novemba mwaka huo wanawake wa Mazembe, chini ya kocha Lamia Boumehdi wa Morocco, waliifunga AS FAR bao moja, tena kwao Morocco, wakawa mabingwa wa Afrika. Binti yangu ana jezi ya timu ile, na sikuishona kwa pazia. Lakini wanaume waliporudi Ligi ya Mabingwa walimaliza wa mwisho katika kundi lao mapema 2025, nyuma ya Al Hilal, MC Alger na Yanga. Tumepona, tumeugua, tunapona. Anayesema kupona ni mstari ulionyooka hajawahi kuuguza mtu.

Fahari ya shabiki wa Kambove ina sababu yake, na si ile ya shabiki wa Milan au wa Cairo. Kwa zaidi ya miaka 100 tumetazama kitu chetu bora kikiondoka. Jiwe hutoka shimoni, hupelekwa Likasi, hupelekwa Lubumbashi, huvuka mpaka kuingia Zambia, hufika baharini, huvuka bahari. Watoto wetu wamehesabu mabehewa, na sasa wanahesabu malori. Wachache wamewahi kuiona shaba hiyo ikirudi. Kombe ni kitu pekee cha thamani nilichokiona maishani mwangu kikienda upande wa pili: kikitoka Tunis, kikitoka Algiers, kikiingia Katanga, kikakaa. Ndiyo maana mzee mwenye magoti mabovu alitaka kuruka. Mwenye kuona hilo ni upuuzi hajakaa mahali ambapo kila kitu kinatoka.

Kwa sababu hiyohiyo nasema mashabiki wapewe nafasi ya kweli ndani ya klabu zao. Kule Tanzania, Simba na Yanga zimejengwa juu ya wanachama wenye kadi, wenye kura, wenye mikutano mirefu yenye kelele. Mikutano hiyo ina kasoro zake, na wenyewe wanabishana hadi leo kuhusu hisa na wawekezaji. Lakini Yanga ilipokaa misimu minne bila ubingwa kabla ya 2022, na Simba mitano kabla ya 2018, kulikuwa na maelfu ya watu waliosema “klabu yangu” wakiwa na karatasi mkononi. Gor Mahia ya Kenya ilikaa miaka 18, kutoka 1995 hadi 2013, bila ubingwa wa ligi, na mashabiki waliendelea kuujaza uwanja. Sisi, Asilimia Mia wa Mazembe, tuna ngoma, tarumbeta na sauti. Tuna basi la kukodi kutoka Likasi, kilomita 120 kwenda na nyingine kurudi usiku. Kadi ya kutupa kura hatuna. Mlezi akichoka, tutakachobaki nacho ni redio.

Mjomba aliposikia nikisema haya alitikisa kichwa, akasema kwao mambo ni yaleyale. Ni kweli. Baada ya ubingwa wake wa 2009 Lupopo ilipotea machoni mwa Afrika kwa zaidi ya miaka kumi, na ilipoanza kuinuka iliinuka chini ya Jacques Kyabula, ambaye naye alikuwa gavana wa Haut-Katanga. Gavana baada ya gavana. Kamba moja, shimo lingine.

Lakini acha nimpe mjomba siku yake, maana ameingoja. Msimu wa 2022/23 Lupopo ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho, kundi moja na USM Alger waliokuja kulitwaa kombe lenyewe. Halafu Oktoba 2025, katika Ligi ya Mabingwa, iliifunga Orlando Pirates 3-0 Lubumbashi. Wiki iliyofuata, Soweto, Pirates walirudisha yote matatu.

Nilikuwa kwake. Ana televisheni siku hizi, mwanawe alimnunulia, ila aliizima sauti akawasha redio, na redio ilitangulia picha kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo kila bao la Pirates tulilisikia kabla ya kuliona. Bao la tatu lilipoingia aliweka mkono juu ya goti langu akauacha hapo. Mimi, mwana wa mtu wa Mazembe, niliona moyo wangu unakwenda mbio kwa ajili ya njano na bluu. Sikuona aibu. Nilikumbuka kiti cha pili, na betri zilizoanikwa juani.

Penalti zilipoisha Lupopo walikuwa wameshinda 5-4. Mjomba hakupiga kelele. Alisimama, akaenda kwenye kabati, akatoa skafu ya Cheminots iliyofifia hadi njano yake ikawa rangi ya mahindi makavu, akaivaa, akatoka nje. Barabarani tayari kulikuwa na watu, wa njano na bluu wakiimba, na wa nyeusi na nyeupe wakiwapa mkono. Mzee mmoja wa Asilimia Mia alimwambia, “Hongera, mzee wa reli,” na mjomba akamjibu, “Ahsante, ndugu yangu. Tumekaa sana.”

Timu hiyo ikaingia kundi moja na Mamelodi Sundowns, Al Hilal na MC Alger. Saint Éloi Lupopo haijawahi kutwaa kombe lolote la Afrika. Mjomba ana umri wa miaka 78, na kila Jumapili asubuhi bado anaanika betri.